Wavu Usiokauka

Kuna watu wakikasirika hunyamaza. Mimi hapana. Nikikasirika nasema, na nikishasema nimemaliza, moyo mweupe, niko tayari kupika chai. Shida ni kwamba wenzangu wengi hawakuumbwa hivyo. Wao wakisikia neno hulibeba nyumbani, wakalala nalo, wakaamka nalo. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba mdomo wangu hauna breki, ila injini yake ni nzuri. Natangulia kusema haya ili usidhani ninayosimulia yalimpata mtu mpole.

Nilizaliwa Kendu Bay, katika mji wa zamani, nyumba ambayo mama alitugombeza kwa Kiswahili na bibi akatubembeleza kwa Dholuo. Kazi nilifanya Homa Bay, katika chumba kidogo cha ofisi ya samaki, nikichunguza samaki wagonjwa kwa hadubini. Watu waliwaleta kwenye ndoo, kwenye mifuko ya nailoni, mmoja aliwahi kumleta wake ndani ya kofia. Nami nikawakwangua ngozi na mashavu, nikapaka ute ule juu ya kioo na kutazama ni kidudu gani kimewaingia. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nilipostaafu nilirudi kwenye boma la mume wangu upande wa Rongo, mteremkoni, kijito kikipita chini yake. Yeye alikuwa amekwisha kutangulia. Kaburi lake liko kando ya nyumba, na dirisha la chumba changu linalitazama. Watoto wako Nairobi na Eldoret. Jumapili hupiga simu na kuniuliza nimekula nini.

Hawakosei kuuliza. Mtu akiishi peke yake chakula huwa kazi. Unapika ugali wa mtu mmoja, unabaki. Unapika nusu yake, unabaki vilevile.

Katika mteremko ule nilikuwa na mtu mmoja tu wa kukaa naye. Alikuwa mke wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Wake walioolewa boma moja kwa Dholuo huitana nyieka, na neno lenyewe ukilisikiliza vizuri lina wivu ndani yake. Kati yetu wivu ungetoka wapi? Wangu alikuwa kaburini. Wake alikuwa ameshukia upande wa mpakani kwa mke mwingine, anakuja Krismasi, akikumbuka. Mabinti zake walikuwa wameolewa mbali. Tulikuwa wanawake wawili na jogoo wawili, basi.

Huku kwetu mke huitwa kwa alikotoka. Mimi ni Nyar Kendu, binti wa Kendu. Yeye alitoka Karungu, ufukweni kabisa, kwa watu waliozoea kuongea juu ya kelele za mawimbi, na sauti hiyo hakuiacha alipoolewa huku juu. Alikuwa akianza kuzungumza nami kutoka shambani, ananiuliza swali, na akifika mlangoni yuko kwenye swali la tatu. Hakubisha hodi hata siku moja. Alipitia nyuma, mlango wa jikoni, miguu yake ina matope hadi vifundoni, na kabla sijafungua kinywa kulalamikia sakafu amekwisha kuketi. Nililalamika kila siku. Ilikuwa ndiyo salamu yetu.

Bwawa nilichimba mimi kwanza, nikaweka ngege, wale samaki ambao wengine huwaita perege. Yeye akachimba lake baadaye, chini ya langu, karibu na mikalitusi. Wanawake wengine wa mteremko nao wakachimba, na ikawa kila boma lina kijishimo chake cha maji. Lakini wavu ulikuwa mmoja. Ulikuwa wa nyieka. Ndugu yake wa Karungu ndiye aliyeufuma, matundu madogo, uzi mzuri, umekatwa kwa kipimo cha mabwawa yetu na si cha ziwa.

Na wavu ule ulikuwa na desturi zake. Kwetu hukabidhiwi wavu mkononi ukaenda nao kama anayeazima panga. Ukija kuuomba, mwenyewe anakuja nao. Anaingia majini pamoja nawe, mnavuta, mnapiga gumzo, anakula kwako, anaondoka na samaki wa mboga, na wavu unarudi begani mwake ukichuruzika maji. Kesho mwingine anakuja. Mwanamke akipita njiani na wavu mbichi begani, watu wanajua huyo ana watu. Nyieka alipita hivyo wiki nzima, mgongo umelowa, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Msimu wa baridi wa katikati ya mwaka, ule ambao ukungu hulala juu ya maji mpaka saa nne, niliona ngege wangu wanajisugua. Samaki mzima hajisugui. Hawa walikuwa wanajitupa ubavu kwa ubavu kwenye kuta za bwawa, wanajikwaruza kwenye bomba linaloingiza maji, na wengine wanaelea pale pale bombani wakifungua na kufunga midomo. Nilimteka mmoja kwa bakuli. Mwili wote ulikuwa na madoa meupe, madogo madogo, ungedhani kuna mtu amemnyunyizia chumvi kabla ya kumkaanga.

Niliyajua madoa yale kama ninavyozijua sura za wanangu.

Nina hadubini kuukuu, ya kioo cha kuakisi jua, niliyoinunua ofisi ilipoletewa mpya. Niliitoa kabatini, nikaiweka juu ya meza nje, nikakwangua ubavu wa yule samaki na kutazama. Kilikuwepo. Kimelea cha madoa meupe ni kiumbe cha seli moja tu, lakini ni kikubwa kuliko wenzake. Ni mviringo, kimefunikwa vinywele pande zote, na huzunguka taratibu, kama mtu anayetafuta mkao mzuri kitandani. Ndani yake kuna kitu kilichopinda mfano wa kipande cha bangili. Ukishakiona mara moja hukikosei tena.

Nilimwita nyieka aje atazame. Alifumba jicho moja kwa mkono, akainama.

"Kanazunguka," akasema.

"Ndiko kanakokuulia samaki."

"Kumbe kana raha hivi." Akacheka, akaniomba atazame tena.

Nikamweleza, kwa sababu kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Kidudu hiki kinaishi chini ya ngozi ya samaki, kinakula humo mpaka kinanona. Kikishiba kinatoboa ngozi, kinashuka chini kwenye tope, kinajigandisha hapo na kujigawa, kinakuwa vidudu vingi sana. Wale wadogo wanatoka mbio majini, kila mmoja anatafuta samaki wake. Akimpata anajichimbia. Akimkosa kwa muda mfupi, anakufa. Hakuna aliyemgusa wala kumtilia dawa. Ametembea peke yake na hakukutana na mtu, basi. Nilikuwa nimefundisha habari hiyo miaka mingi na sikuwahi kuitilia maanani zaidi ya hapo.

Tulishuka pamoja hadi bwawani kwake. Tukakuta madoa yale yale. Nikamuuliza wavu ulikuwa wapi juzi, akanitajia bwawa la mama mmoja wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa ameleta vifaranga vipya kutoka sijui wapi. Na kabla ya kuja kwangu, na baada ya kutoka kwangu? Akanitajia boma baada ya boma. Mteremko wote.

"Wavu huu ulikauka lini mara ya mwisho?" nikamuuliza.

Alifikiri kweli. Hakuwa ananikebehi. "Wavu hukauka mtu akifiwa," akasema. "Ulikauka tulipomzika mama mkwe."

Hapo ndipo ningepaswa kukaa chini, lakini mimi mbele yangu niliona samaki tu. Vidudu vilikuwa vinasafiri ndani ya matone ya wavu ule, kwenye ndoo, kwenye miguu yetu tuliyoitoa bwawa hili na kuitia bwawa lile. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, kabla ya chumvi na chokaa, ni kila mtu abaki kwake.

Niliwaita wanawake wote wenye mabwawa wakaja kwenye baraza yangu. Tulizungumza Dholuo, naandika Kiswahili kwa ajili yako. Niliwaonyesha hadubini, wakatazama kwa zamu, wakashtuka. Kisha nikawaambia: wavu hauhami tena. Kila mmoja atafute kiwavu chake, hata cha chandarua kikuukuu, akianike juani kila anapokitumia. Ndoo haziazimwi. Mtu asiingie bwawa la mwenzake, na asipite ukingoni mwake akiwa ametoka majini kwake.

"Sasa nikivuna nitasaidiwa na nani?" mmoja akauliza.

"Na watu wa nyumbani kwako."

"Na asiye na watu nyumbani?"

"Atavua kidogo kidogo, peke yake. Mbona unaniuliza kama ni mimi niliyeleta ugonjwa?"

Nilikuwa nimechoka. Tangu alfajiri nilikuwa nikiokota samaki waliokufa, na mikono ilikuwa inanuka. Ndipo nyieka, aliyeketi sakafuni karibu na mlango wa jikoni, mahali pake, akauliza swali lake kwa ile sauti ya Karungu. "Na mimi nikija kunywa chai? Njia yangu inapita ukingoni kwako."

"Chai haiumwi, wanaoumwa ni samaki," nikamjibu. "Kama huwezi kuja na miguu mikavu, kaa kwako mpaka nikuambie."

Watu walicheka. Ilikuwa ni utani wetu wa kila siku, yale yale ya miguu na sakafu. Lakini yeye hakucheka. Alisimama, akafunga leso yake vizuri, akanijibu kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye huitumia kwa chifu na kwa nesi wa zahanati, wala hajawahi kuitumia nami.

"Sawa, madam. Tumesikia."

Walinitii. Sijawahi kutiiwa hivyo katika miaka yangu yote ya ofisi. Tuliwaosha samaki kwa maji ya chumvi, tukarudia, na kurudia, kwa sababu kidudu kikiwa chini ya ngozi chumvi haikifikii; lazima ukivizie kikiwa njiani. Walioweza kukausha mabwawa waliyakausha na kumwaga chokaa. Madoa yakapungua. Maji yakatulia. Ngege wangu wakaacha kujisugua, wakaanza tena kupanda juu kwa fujo nikiwarushia chakula. Nilikuwa sahihi, na naomba hilo lieleweke, kwa sababu kuna watu wakisikia kisa hiki hutaka nijute. Sijuti. Ningesema nini kingine?

Ila njia ya nyuma ilianza kuota nyasi.

Mwanzoni sikuiona. Nilikuwa na shughuli. Kisha siku moja nikajikuta nimekaa jikoni, nasikiliza redio ikitangaza vifo vya watu nisiowajua, na nikagundua kwamba tangu asubuhi sijasema neno. Hata moja. Nilijaribu sauti yangu, nikasema "haya basi," ikatoka ikiwa na kutu. Nikacheka, na kucheka peke yako ndani ya nyumba kunatisha kidogo.

Nilianza kwenda sokoni Rongo bila haja. Nilinunua nyanya kwa mama huyu, kitunguu kwa yule, kila kitu mahali pake, ili niulizwe habari mara nyingi. Nikirudi, naweka vitu mezani na nyumba inanitazama. Usiku nilikuwa nalala vizuri; nisiwe mwongo. Saa mbaya ilikuwa saa kumi jioni, saa ya chai.

Nyieka alinitii kuliko wote. Bwawa lake lilikuwa bondeni kwenye kivuli cha mikalitusi, maji yake ni baridi, na kwenye baridi kidudu hiki hukaa sana. Madoa yalikuwa yakiisha na kurudi, yakiisha na kurudi. Kila niliposimama kwenye ukingo wangu nikamuuliza kwa sauti, "Vipi huko?" alijibu, "Bado tunayaona." Nami ningesema nini? Nilisema, "Basi vumilia, wiki chache tu." Akainua mkono. Nikainua wangu. Tulikuwa tunapungiana kama watu walio kwenye mitumbwi miwili.

Alipokuwa na mboga za kunipa aliziacha kwenye uzio, zimefungwa kwa jani la mgomba. Nilipomrudishia bakuli lake nililiacha pale pale. Sijui kama unaelewa jinsi mtu anavyoweza kukutii mpaka ukatamani kulia. Angenigombeza ningejua la kufanya.

Siku moja uzalendo ulinishinda. Nilivaa viatu safi, nikazunguka kwa barabara ya juu, mbali na maji yote, nikaenda kwake kwa mlango wa mbele kama mgeni. Alinipokea vizuri. Alileta beseni la maji ya chumvi, akaliweka mbele ya miguu yangu, na taulo. Nikavua viatu nikakanyaga ndani ya beseni, yeye amesimama pembeni na taulo mkononi, uso wake hauna kitu. Kisha akaleta kiti nje, kile kizuri cha mto wa kitambaa, akaniuliza habari za watoto kwa heshima, nikamjibu kwa heshima. Hatukuwa na jambo la kusema. Sisi, tuliokuwa tukigombania zamu ya kuongea. Nilimwambia samaki wangu wanaendelea vizuri. Akasema Mungu ni mwema. Mpaka leo sijui kama lile beseni lilikuwa utii au lilikuwa kofi.

Njiani nikirudi nililia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikakasirikia kidudu, nikamkasirikia na mume wangu kwa kufa.

Baadaye macho yalinisumbua, nikaenda Homa Bay kupimwa miwani. Nilipomaliza, miguu ilinipeleka yenyewe ofisini kwangu kwa zamani. Chumba kile kimepakwa rangi. Palikuwa na binti mmoja mchanga mwenye koti jeupe, na hadubini yake inaonyesha picha kwenye skrini, huhitaji hata kufumba jicho. Alinikaribisha vizuri sana. Nilipomsimulia mteremko wetu alishangaa.

"Huwa tunashindwa hapo hapo, mama," akasema. "Dawa tunazo. Watu ndio hawaachi kuazimana nyavu. Wewe uliwazuiaje?"

"Niliwagombeza."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza kama ningekubali siku moja kuja kuwaeleza maafisa wenzake jinsi nilivyofaulu. Nikamwambia nitafikiria.

Nilishuka hadi kwenye vibanda vya samaki karibu na ziwa, nikaagiza ngege wa kukaanga. Nikawekwa kwenye meza ya watu wanne. Kwenye meza za pembeni watu walikuwa wanakula kwa mikono, wanapokezana bakuli la pilipili, mmoja ananyofoa nyama ya shingo anampa mwenzake. Yule mama mpishi akaja na maji ya kunawa, akatazama viti vyangu vitatu vitupu.

"Uko peke yako?"

"Nangoja mtu," nikasema.

Nikala polepole sana ili uongo wangu upate muda. Kisha nikalipa, nikaondoka haraka kabla hajarudi kuniuliza.

Mvua za vuli zilipoanza, asubuhi moja nilisikia jembe bondeni. Nyieka alikuwa amekata ukingo wa bwawa lake na maji yalikuwa yanakwenda zake kwenye majani, mekundu. Nilifikiri analikausha ili atie chokaa, kama nilivyomfundisha. Nikasimama kwenye ukingo wangu, nikamwambia kwa sauti ahakikishe tope limepasuka kwa jua kabla ya kujaza tena. Aliinua mkono. Nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga ikitoka kwake siku ile na siku iliyofuata, na watoto wa maboma ya jirani wakipita na vifurushi. Sikushangaa. Kidudu kile hakimdhuru binadamu, samaki wake wanaliwa bila wasiwasi. Lakini jembe halikunyamaza. Lililia hadi wiki ikaisha.

Siku aliyomaliza nilikuwa jikoni, saa kumi. Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Hakubisha hodi. Aliingia akiwa na matope hadi magotini, matope meusi ya bondeni, mikono nayo vilevile, na kila alipokanyaga palibaki wayo mzima.

"Miguu," nikasema, kabla sijajizuia.

"Ni matope ya nduma," akasema, akaketi. "Hayana ugonjwa wako."

"Nduma gani?"

"Nimepanda nduma pale. Zinapenda maji. Samaki wote tumewala, wa jirani nao wamekula. Bwawa nimelifunga."

Hasira ilinipanda. Nakuambia ukweli, baada ya miezi yote ile, mtu wangu ameketi jikoni mwangu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumgombeza. Nilimwambia amefanya ujinga. Nilimwambia wiki chache tu wangepona, jua la Januari lingewaponya lenyewe. Nilimwambia tungekata matawi ya mikalitusi mwanga uingie, kwamba angeniuliza, kwamba shimo kama lile halichimbwi mara mbili na mwanamke wa umri wake. Nilimwambia nimetumia maisha yangu kuwafundisha watu wafuge samaki, na yeye, wa boma langu mwenyewe, ananifungia bwawa. Niliyasema yote. Aliniacha niseme. Alikuwa anabandua matope kwenye kidole cha mguu, moja moja, na kuyapanga chini.

Nilipoishiwa na pumzi ndipo akainua uso.

"Nyar Kendu," akasema, "mimi nimezaliwa Karungu. Samaki nimekula kabla sijaota meno. Nilipoolewa huku juu nilishukuru Mungu kwa kunipa nchi yenye mboga. Unafikiri nilichimba shimo lile, na huu mgongo wangu, kwa sababu ya samaki?"

"Kwa sababu ya nini, basi?"

"Ulirudi hapa umefiwa. Ulikuwa huongei na mtu, kutwa uko na maji yako. Nikija, unaniambia habari za samaki, halafu kimya. Mimi ningekuja kukuambia nini kila siku?" Alijifuta mkono kwenye leso. "Nikachimba langu. Nikapata ya kukuuliza."

Aliendelea kunitazama bila ubaya wowote, kama mtu anayengoja maji yachemke. Nikainuka nikaenda kabatini kutafuta kikombe cha pili. Kilikuwa nyuma kabisa, na ndani yake buibui alikuwa amefunga utando. Nilikiosha nikiwa nimempa mgongo. Nikakiosha tena, na tena, maji yakimwagika bure, kwa sababu sikutaka auone uso wangu.

Nyuma yangu nilimsikia akivuta kigoda karibu na jiko. Akasema nisitie tangawizi nyingi.

Nikamwambia nitatia ninavyotaka.